Lango Jembamba, Uwanja Mpana: Maswali ya Aliyekubaliwa Chuo Kinachochuja

Barua ya kukubaliwa na chuo kigumu kuingia ina kioja chake. Siku ya kwanza mtu huisoma mara kumi kwa furaha. Siku ya tatu huisoma tena, safari hii kwa shaka, akikagua jina na tarehe ya kuzaliwa asije akawa ametumiwa barua ya mtu mwingine. Kisha maswali yanaanza. Nichukue kozi ngapi? Chumbani nitakaa na nani? Fedha zitatosha? Niahirishe mwaka mmoja? Jina la chuo litanisaidia kweli? Yote ni maswali ya maana. Lakini ukimsikiliza anayeyauliza kwa dakika chache utagundua kwamba mengi ni swali moja lililobadilisha nguo: hivi mimi ni wa pale?

Naanza na hilo, kwa sababu mtu asipolimaliza hupotosha majibu ya mengine yote. Anayejiona amezamia haombi msaada, hathubutu kuuliza kuhusu fedha, na alama moja mbaya inatosha kumwachisha somo alilolipenda tangu utotoni.

Hivi hawakukosea?

Tuanze na hesabu. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilipata maombi 54,008 ya shahada ya kwanza, kikawakubali watu 1,970. Hao ni chini ya wanne katika kila mia. Ukiitazama idadi hiyo harakaharaka utadhani wale 1,970 ni binadamu wa namna nyingine, na kama wewe ni mmoja wao utajikagua kwenye kioo na kuona hufanani nao. Kosa liko kwenye kuisoma hesabu. Maofisa wa udahili wa vyuo vya aina hii wamesema kwa miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya waombaji wangeyamudu masomo. Kinachopungua ni viti. Kamati ikishawaweka kando wasio na maandalizi, hubaki na rundo la watu wanaoweza, mara kadhaa kuliko nafasi zilizopo. Hapo ndipo huanza kutazama mambo ambayo hayapimi akili: nani anapiga ala ambayo bendi ya chuo imeikosa, nani anatoka pembe ya nchi isiyo na mwanafunzi hata mmoja chuoni, idara ipi imepungukiwa, barua ya mwalimu yupi ilimgusa msomaji asubuhi ile.

Kwa hiyo jibu la kweli lina sehemu mbili, na watu wema hupenda kukupa moja tu. Bahati ilikuwamo. Aliyekosa nafasi huenda mlikuwa sawa, pengine alikuzidi. Lakini bahati ile ilipiga kura miongoni mwa wanaoweza. Haikwenda kumwokota asiyeweza. Hizo ni bahati mbili tofauti, na anayejiona tapeli amezichanganya.

Hisia yenyewe ina umri. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliofika mbali kielimu na kikazi ambao, pamoja na vyeti vyao vyote, waliamini wamewahadaa watu na iko siku watafichuliwa. Baadaye ilionekana kwamba wanaume nao hawajasalimika. Linalonishangaza ni kwamba mafanikio mapya hayakuwaponya. Kila ushindi uliingizwa kwenye daftari kama hadaa nyingine iliyopita salama. Maana yake kwa mwanafunzi mpya ni kwamba asingoje kujisikia anastahili ndipo aanze kunyoosha mkono darasani. Hisia hiyo yaweza kuchelewa hadi mwaka wa tatu, na mhadhara hausubiri.

Dawa iliyowahi kupimwa ni ndogo kuliko mtu anavyodhani. Wanasaikolojia Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha mwaka 2011 jaribio ambamo wanafunzi wa mwaka wa kwanza walitumia kama saa moja kusoma maelezo ya waliowatangulia: kwamba wao pia mwanzoni walijiona hawana pao, kwamba karibu kila mtu huanza hivyo, na kwamba hali hiyo ilipita. Wanafunzi Wamarekani Weusi waliopitia saa hiyo moja walipandisha alama zao kwa miaka mitatu iliyofuata, na pengo kati yao na wenzao Wazungu likapungua kwa nusu. Hawakufundishwa hesabu wala uandishi. Walichopata ni habari tu, kwamba dhiki ya majuma ya kwanza si ushahidi wa kitu chochote. Bila habari hiyo, kila mmoja huyatazama machozi yake kama cheti cha kutofaa, huku jirani yake upande wa pili wa ukuta akifanya vilevile.

Nitafeli?

Hapa watu huchanganya ugumu wa kuingia na ugumu wa kubaki. Vyuo vikuu huchuja kwa njia mbili kubwa. Vipo vinavyoacha lango wazi na kuchujia ndani. Vyuo vikuu vya umma vya Ufaransa vilikuwa hivyo kwa miaka mingi: aliyefaulu mtihani wa kumaliza sekondari aliingia, na baada ya mwaka mmoja chini ya nusu ndio waliovuka moja kwa moja kwenda mwaka wa pili. Vingine hubana langoni na kulegeza uwanjani. Harvard hufikisha mwisho takriban wanafunzi 97 kati ya kila 100 wanaoanza. Nchi moja yaweza kuwa na namna zote mbili. Ufaransa hiyohiyo ina zile shule kuu ambazo mtu hujiandaa miaka miwili kwa ajili ya mtihani wa kuingia tu, na akishaingia ni nadra atoke mikono mitupu.

Chuo kilichotumia miezi kukuchagua hupata hasara na aibu ukiondoka, na ndiyo maana ndani kuna washauri wa masomo, wakufunzi wa ziada, washauri wa kisaikolojia, walezi wa mabweni na ofisi ambazo kazi yao ni kuhakikisha hupotei. Lango ni jembamba. Uwanja ni mpana. Anayeingia akidhani kila muhula una lango lingine jembamba vilevile huishi kwa hofu isiyo na kazi.

Sisemi kila chuo kiko hivyo. Zipo shule za uhandisi na udaktari zinazobana langoni na kubana tena ndani. Njia ya kujua ni kuuliza swali ambalo wanafunzi wapya hawaliulizi: kati ya walioanza fani hii, wangapi walimaliza fani hiihii, na kwa miaka mingapi? Chuo kinachojiheshimu kina takwimu hizo, na kikizungukazunguka kujibu, hilo nalo ni jibu.

Alama ni jambo jingine, na zina siasa zake. Kuanzia mwaka 2004 Princeton, chuo kingine cha Marekani, iliweka lengo kwamba alama za A zisizidi asilimia 35 katika kila idara. Wanafunzi walilalamika miaka 10 mfululizo, na mwaka 2014 sera hiyo ikaondolewa. Mwaka 2013 mkuu mmoja wa Harvard alikiri mbele ya wenzake kwamba alama inayotolewa mara nyingi kuliko zote chuoni hapo ni A. MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, wao waliamua kwamba muhula wa kwanza matokeo yaandikwe kuwa umefaulu, bila herufi, na kozi uliyoanguka isionekane kwenye nakala ya matokeo inayotoka nje ya chuo. Vyuo vitatu vya hadhi inayokaribiana, kanuni tatu. Kabla ya kulia kwa sababu ya C, jua C ya pale maana yake nini.

Kipanga kati ya vipanga

Hata hivyo C itakuja, au kitu kinachouma kama C. Mtu aliyekuwa wa kwanza tangu darasa la kwanza anajikuta wa 60 kati ya 120. Hakushuka. Amebadilishiwa kundi tu. Kwenye makaratasi jambo hili liko wazi kabisa. Moyoni halieleweki hata kidogo.

Mwanasaikolojia Herbert Marsh alilifuatilia kuanzia miaka ya 1980, akaliita jambo la samaki mkubwa kwenye kidimbwi kidogo. Wanafunzi wawili wenye uwezo uleule, mmoja katika shule ya kawaida na mwingine katika shule ya kuchuja, hujipima kwa walio karibu nao, kwa hiyo yule wa shule ya kuchuja huishia kujiona mdogo. Mwaka 2003 yeye na Kit-Tai Hau walionyesha mwelekeo huo huo katika nchi 26. Si tabia ya taifa fulani. Ndivyo binadamu anavyojipima: kwa aliyekaa naye dawati moja, si kwa dunia nzima.

Hasara yake kubwa hutokea mtu anapochagua fani. Aliyetaka kuwa mwanafizikia anaona wenzake 20 wanamaliza mazoezi mapema, anahitimisha kwamba fizikia si yake, anahama. Angekuwa kwenye chuo chenye ushindani mdogo, kwa akili ileile na jasho lilelile, angebaki na kuwa mwanafizikia mzuri. Kwa mtazamo wangu hili ndilo pigo baya zaidi ambalo chuo cha kuchuja humpiga mtu, baya kuliko ada na baya kuliko upweke, kwa sababu halina kelele. Hakuna anayekufukuza. Unajiondoa mwenyewe na kuiita busara. Kama unataka kuhama fani, hama kwa sababu umeona nyingine inayokuvuta, na uhame baada ya likizo, si wiki ya matokeo.

Sonia Sotomayor aliingia Princeton mwaka 1972 akitoka familia ya kipato cha chini ya Bronx, New York, akiwa amelelewa katika nyumba inayozungumza Kihispania. Insha yake ya kwanza ilipata C. Mwalimu aliyemsaidia alimwonyesha kwamba Kiingereza chake kilikuwa kimejengwa juu ya mifupa ya Kihispania: aliandika "mamlaka ya udikteta" mahali ambapo mwenye lugha angetumia kivumishi, kwa kuwa Kihispania, tofauti na Kiingereza, husema "shati la pamba". Msomaji wa Kiswahili hapo anatabasamu, maana sisi nasi tuna shati la pamba. Alinunua vitabu vya sarufi, akajiwekea kujifunza maneno 10 mapya kila siku, akatumia likizo kusoma vitabu ambavyo wenzake walivisoma utotoni. Mwaka 1976 alihitimu kwa heshima ya juu kabisa, na mwaka 2009 akawa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Hadithi hii mara nyingi husimuliwa kama ya ushujaa. Mimi naiona zaidi kama ya utambuzi: mtu fulani alimwambia tatizo ni nini hasa. C pekee isingemwambia. C hutamka "huwezi" au "hujafundishwa" kwa herufi ileile, na ni lazima umtafute mtu wa kukutafsiria.

Kubukua peke yako

Kama ningeruhusiwa kumpa mwanafunzi mpya habari moja tu, ingekuwa ya mwanahisabati Uri Treisman. Katika miaka ya 1970, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliona wanafunzi Weusi wanaanguka kwa wingi katika kozi ya kalkulasi, tawi la hisabati, wakiwemo waliokuja na alama nzuri. Aliwauliza wahadhiri sababu. Wakamtajia zile zinazotajwa kila mahali: hawana ari, hawakuandaliwa vya kutosha, familia hazijali elimu, umaskini. Badala ya kuzikubali akaamua kwenda kutazama. Aliwafuata wanafunzi 20 Weusi na 20 wenye asili ya China, wakiwa maktabani, vyumbani, hata majumbani.

Sababu zile hazikusimama. Familia zilijali sana, na ari ilikuwepo. Tofauti aliyoiona ilikuwa namna ya kusoma. Kati ya wanafunzi 20 Weusi, 18 walisoma peke yao daima. Walihudhuria, walifanya mazoezi yote, walikesha, na waliweka ukuta kati ya masomo na urafiki; nidhamu hiyo hasa ndiyo iliyowafaulisha sekondari. Wale wa asili ya China walisoma peke yao kwanza, kisha jioni wakakutana, wakakaguliana kazi, wakaulizana, wakacheka, wakajua mtihani wa mwaka uliopita ulikuwaje. Mmoja wao akikwama, alijua mara moja kama tatizo ni lake au ni la swali, kwa sababu alikuwa na wenzake wa kulinganisha nao. Mwanafunzi aliyejifungia hakuwa na njia ya kujua. Alidhani amekwama peke yake duniani.

Treisman hakuanzisha madarasa ya kuwainua waliobaki nyuma. Aliwaalika kwenye vikundi vya kutatua maswali magumu kuliko ya darasani, kama heshima, wakayafanya pamoja. Matokeo yalibadilika sana, na mfumo huo ukaigwa na vyuo vingine vingi.

Uzito wa habari hii kwa anayeingia chuo cha kuchuja uko hapa: karibu kila mmoja wao alifika pale kwa kusoma peke yake. Alikuwa wa kwanza darasani, hakuwa na wa kumuuliza, akazoea. Sifa iliyompitisha langoni ndiyo inayomkwamisha uwanjani. Kwa hiyo kundi la watu watatu au wanne wa kozi moja, lenye siku na saa, ni la kutafutwa wiki ya kwanza, kabla aibu haijaingia. Wiki ya sita kila mtu ameshajua nani anaelewa na nani haelewi, na kujiunga kunakuwa kama kuungama.

Hali ni hiyo kwa kuwaendea wahadhiri. Vyuo vingi huweka saa maalumu ambazo mhadhiri hukaa ofisini akisubiri wanafunzi. Wanafunzi wengi wapya hudhani saa hizo ni za walioanguka, au ni za mhadhiri kufanya kazi zake, na kwamba kugonga mlango ni kumsumbua mkubwa. Mwanasosholojia Anthony Jack, aliyewachunguza wanafunzi wa kipato cha chini katika chuo kimoja cha juu cha Marekani, aliona wamegawanyika. Waliosoma sekondari binafsi kwa ufadhili walikuwa wamezoea kuongea na walimu kama watu wazima, na waliingia ofisini bila wasiwasi. Waliotoka shule za kawaida za umma waliona heshima ni kukaa mbali na kufanya kazi kwa bidii. Umaskini ulikuwa uleule, mwisho ukawa tofauti, maana barua za mapendekezo, kazi za utafiti na nafasi za mafunzo hutoka ofisini mle. Adabu ya kumwachia mkubwa nafasi ni nzuri mahali pake. Pale inamgharimu mwenye nayo, na hakuna anayemwambia. Nenda na swali moja lililoandikwa, hata dogo. Dakika 10 zinatosha.

Barua ya fedha

Barua ya pili, ile ya msaada wa fedha, inahitaji kusomwa kwa penseli mkononi. Mtego wake mkubwa ni neno "msaada". Ndani yake huwekwa vitu vitatu: ruzuku, ambayo hulipi, mkopo, ambao utaulipa pamoja na riba, na kazi za chuoni, ambazo utazifanya wewe. Chuo cha kwanza kikikuambia kimekufunikia sehemu 8 kati ya 10 za gharama, na 3 kati ya hizo ni mkopo, kimekupa 5. Cha pili kikikufunikia sehemu 7, zote ruzuku, ndicho cha bei nafuu, ingawa barua yake inaonekana nyonge. Princeton iliondoa mikopo kabisa kwenye msaada wake mwaka 2001, na vyuo kadhaa tajiri vikafuata. Vilivyo vingi havijafanya hivyo.

Kuna pia ahadi mbili ambazo huchanganywa. Ya kwanza: hatuangalii mfuko wako tunapoamua kukuchukua. Ya pili: tukikuchukua tutaziba upungufu wako wote. Chuo chaweza kutoa moja bila nyingine, na chaweza kuzitoa kwa raia tu. Kwa wanafunzi wa kigeni, vyuo vya Marekani vinavyotoa zote mbili ni vichache. Kwa muda mrefu vilikuwa Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, kisha mwaka 2022 Dartmouth na Bowdoin wakaingia. Na hata pale, "upungufu wako" hukokotolewa na chuo kwa fomula yake. Hakikuulizi unahisi familia inaweza kutoa kiasi gani.

Kwa hiyo uliza kwa maandishi. Ruzuku hii ni ya miaka yote au ya mwaka wa kwanza? Ada ikipanda, nayo itapanda? Alama zikishuka, inakatwa? Nikipata ufadhili wa nje, mtaupunguza kutoka kwenye mkopo wangu au kutoka kwenye ruzuku yenu? Swali hili la mwisho limewaokoa watu: wapo waliohangaika kutafuta ufadhili wa nje, na chuo kikachukua kila walichopata kwa kupunguza kutoka upande wake. Hali ya nyumbani ikibadilika, mzazi akapoteza kazi au akaugua, au chuo kingine cha hadhi hiyohiyo kikikupa zaidi, unaweza kuandika kuomba hesabu ipitiwe upya, ukiambatisha ushahidi. Si kuomba sadaka. Ofisi ile ina utaratibu wa jambo hilo na hupokea maombi kama hayo kila mwaka.

Kisha kuna gharama ambazo haziko kwenye barua: nauli, bima, viza, kompyuta, nguo za baridi kwa anayehamia kwenye baridi. Iliyo mbaya kuliko zote ni likizo. Jack alikuta wanafunzi wanaolala njaa katika chuo tajiri kwa sababu moja isiyo na ubaya wowote ukiisoma kwenye kalenda: katika likizo fupi ya kati ya muhula kumbi za chakula zilifungwa, na chuo kilidhani kila mtu ana kwao pa kwenda. Uliza mapema: chuo kikifungwa, nalala wapi na nakula nini?

Jina lina faida gani?

Hapa kuna utafiti mzuri, ingawa ni wa Marekani na hauwezi kuhamishwa mzimamzima kwingine. Watafiti wa uchumi Stacy Dale na Alan Krueger walichapisha mwaka 2002 ulinganisho wa kijanja. Badala ya kulinganisha waliosoma vyuo vikubwa na waliosoma vidogo, waliwalinganisha watu waliokubaliwa na vyuo vya aina moja, kisha wengine wakachagua kwenda kwenye chuo chenye jina dogo. Miaka mingi baadaye mapato yao kwa wastani yalikuwa sawa. Chuo hakikuwa kimemtengeneza mtu, kilikuwa kimemtambua. Lakini kulikuwa na waliotofautiana na kanuni hiyo: wanafunzi wa familia zenye kipato cha chini walipata faida, na uchambuzi wao wa baadaye ukaongeza Weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana.

Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walitazama vyuo 12 vya juu kabisa vya Marekani kwa kutumia watu waliokuwa kwenye orodha ya kusubiri, wengine wakaitwa na wengine wasiitwe. Wastani wa mapato haukusogea sana. Kilichosogea ni kilele: uwezekano wa kuingia miongoni mwa asilimia 1 ya wenye mapato makubwa ulipanda, wa kuendelea na shahada za juu kwenye vyuo vyenye hadhi uliongezeka karibu maradufu, na wa kuajiriwa na taasisi zenye jina uliongezeka mara tatu. Nikiziweka tafiti hizo mbili pamoja napata picha ya milango. Jina hufungua milango fulani mahususi. Mtoto wa nyumba ambayo tayari ina funguo za milango hiyo anaongeza kidogo. Asiye na ufunguo hata mmoja anaongeza sana. Na asiyetaka kuingia kwenye milango hiyo, mathalani anayetaka kufundisha sekondari au kuendesha shamba, asijitwishe deni kubwa kwa ajili ya jina.

Yaliyobaki

Kuahirisha mwaka mmoja mara nyingi kunaruhusiwa. Harvard kwa miongo mingi imekuwa ikiwahimiza inaowakubali walifikirie. Omba kwa maandishi, eleza utafanya nini, na thibitisha kama fedha zitakusubiri pia, kwa sababu nafasi na ruzuku ni vitu viwili.

Kukubaliwa kunaweza kufutwa. Uingereza barua nyingi zina sharti la alama za mtihani wa mwisho, na ukizikosa nafasi inaweza kupotea. Kwingine alama zikiporomoka vibaya baada ya barua, chuo huuliza. Na mwaka 2017 Harvard iliwafutia nafasi wanafunzi wapya wasiopungua 10 kwa picha na maneno ya kuudhi waliyorushiana kwenye kikundi cha Facebook, kabla hata hawajafika darasani.

Kuhusu mtu wa kukaa naye chumbani, jaza fomu kwa ukweli. Ukiandika kwamba unalala saa tatu usiku na wewe ni wa kukesha, mtateseka wawili.

La mwisho ni tarehe ya kujibu. Kwa vyuo vingi vya Marekani ni 1 Mei. Kwingine angalia barua. Usilipe kushikilia nafasi kwenye vyuo viwili kwa pamoja, kwani ni kuvunja kanuni na kuna anayezuiwa nawe. Tarehe ikipita bila neno lako, wataenda kwenye orodha ya kusubiri, na aliye juu ya orodha hiyo atajibu siku hiyohiyo.